Kuiondoa Akaunti ya Mtandaoni Usiyoitaka Kwenye Kompyuta

Kompyuta ni mali inayoshikika. Akaunti ya mtandaoni ni makubaliano kati ya mtu na kampuni inayotoa huduma. Mali inaweza kuuzwa, kuazimwa au kurithiwa, lakini makubaliano hayahami pamoja nayo. Tatizo tunalolieleza katika sehemu hii ya kijitabu huanza pale vitu hivi viwili vinapounganishwa, kwa kujua au kwa kutojua, kisha mashine ikahamia mikononi mwa mtu mwingine, au mwenye akaunti akawa haitaki tena ndani ya mashine yake.

Mazingira yanayozaa tatizo hili yanafahamika vizuri katika miji midogo kama Tukuyu, Kiwira na Katumba wilayani Rungwe. Kompyuta moja ya ofisi hutumiwa na watu watano. Mwalimu huchapa mitihani kwenye kompyuta ya steshenari, akafungua barua pepe yake humo, akaondoka. Mzazi hununua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika ughaibuni ili mwanawe aende nayo chuoni.

Tuchukue mfano mmoja tutakaoufuata hadi mwisho. Kikundi cha wakulima wa parachichi kina kompyuta moja. Katibu wa awali aliiwasha kwa mara ya kwanza kwa kutumia barua pepe yake binafsi, kwa kuwa mashine ilidai hivyo. Baada ya miaka miwili amehamia mkoa mwingine na katibu mpya amechaguliwa. Majina ya wanachama, namba zao za simu na hesabu za mauzo bado vinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya katibu wa awali kila kompyuta inapopata intaneti. Naye, bila kukusudia, ameacha barua zake binafsi zikisomeka na yeyote anayeketi mbele ya mashine ile. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyedanganya. Hata hivyo, pande zote mbili zimepoteza usiri wao, na kikundi kinaweza siku moja kufungiwa nje ya kumbukumbu zake chenyewe.

Akaunti ya ndani na akaunti ya mtandaoni

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiendesha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Kwa kuwa kompyuta nyingi zinazotumika majumbani na maofisini nchini zina mfumo wa Windows wa kampuni ya Microsoft, maelezo yetu yanauhusu zaidi mfumo huo.

Windows hutambua watumiaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mtumiaji wa akaunti ya ndani. Jina na nywila yake huishi ndani ya kompyuta hiyo tu, wala hakuna kampuni inayohitaji kuvifahamu. Wa pili ni mtumiaji wa akaunti ya mtandaoni, ambaye huingia kwenye kompyuta kwa barua pepe aliyoisajili Microsoft. Njia hii ya pili ilianza kupewa kipaumbele katika Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, toleo lake la matumizi ya nyumbani, yaani Home, lilianza kudai intaneti na akaunti ya mtandaoni wakati wa kuiandaa mashine mpya. Ndiyo sababu watu wengi wana akaunti ambayo hawakumbuki kuiomba.

Hatusemi kwamba akaunti ya mtandaoni ni kitu kibaya. Humwezesha mtu aliyesahau nywila kuirejesha, huhifadhi nakala za mafaili, na huweza kusaidia kuitafuta kompyuta iliyopotea. Kwa mtu mmoja mwenye mashine yake peke yake, faida hizo ni za kweli. Swali la kujiuliza ni hili: je, akaunti iliyomo ni yako, unaifahamu, na umeikubali? Ikiwa jibu ni hapana kwa lolote kati ya hayo matatu, ni haki yako kuiondoa.

Namna akaunti inavyoingia bila kualikwa

Njia ya kwanza ni wakati wa kuiandaa kompyuta mpya. Fundi au muuzaji huweka akaunti yake mwenyewe ili amalize kazi haraka, kisha humkabidhi mteja mashine ikiwa bado na akaunti hiyo.

Njia ya pili hupita kwenye programu moja na kuenea katika mfumo mzima. Mtu hufungua programu ya kuandikia au ya mikutano, akaingiza barua pepe yake. Mara hujitokeza dirisha dogo linalouliza kama akaunti hiyo itumike katika programu zote za kompyuta. Asiyesoma hubofya kitufe cha kukubali, na kuanzia hapo akaunti imesajiliwa katika mfumo. Ikiwa barua pepe hiyo ni ya chuo au mwajiri, dirisha hilo huweza pia kuomba taasisi iruhusiwe kuisimamia kompyuta. Ukikutana na dirisha la namna hii kwenye kompyuta isiyo yako, chagua maneno yanayosema uingie katika programu hiyo pekee.

Njia ya tatu ni ununuzi wa kompyuta iliyotumika ambayo mwenyewe wa awali hakuiachilia. Hii ina taratibu zake, nasi tutaieleza peke yake hapo baadaye.

Mambo manne yasiyopaswa kuchanganywa

Hasara kubwa hutokea pale mtu anapotaka kufanya jambo moja akafanya jingine. Kwa hiyo tunamwomba msomaji atofautishe vitendo vinne.

Kutoka ni kufunga kazi zako kwa muda. Akaunti inabaki ndani ya kompyuta, ikisubiri urudi.

Kutenganisha ni kukata uhusiano kati ya mtumiaji wa kompyuta na akaunti ya mtandaoni. Mtumiaji anabaki, programu zake zinabaki, na mafaili yaliyomo kwenye diski yanabaki. Hiki ndicho kitendo ambacho wasomaji wetu wengi wanakihitaji.

Kumfuta mtumiaji ni kuondoa jina lake pamoja na mafaili yake yote yaliyomo katika kompyuta. Mfumo hutoa onyo kabla ya kufanya hivyo. Usibofye kabla hujalisoma onyo hilo.

Kuifunga akaunti ni kuiua huko huko mtandaoni, pamoja na barua pepe na hifadhi yake. Microsoft humpa mwenye akaunti muda wa siku 30 au 60, kwa uchaguzi wake, wa kubadili nia. Akaunti ya mtu mwingine huna mamlaka ya kuifunga, na hata ya kwako huna haja ya kuifunga kwa sababu tu umeitenganisha na mashine moja.

Maandalizi kabla ya kutenganisha

Kwanza, hakikisha una umeme na muda. Chaji betri hadi ijae kabla ya kuanza, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye kompyuta isiyo na betri huweza kuleta usumbufu. Fanya kazi hii siku ambayo hukusudii kuitumia mashine kwa jambo la dharura.

Pili, yarudishe mafaili nyumbani. Katika kompyuta nyingi zenye akaunti ya Microsoft, mafaili ya kwenye eneo la kazi, nyaraka na picha huhifadhiwa katika huduma ya OneDrive, ambayo hutoa gigabaiti 5 bila malipo. Baadhi ya mafaili hayo huonekana kwenye kompyuta, ilhali yenyewe yako mtandaoni. Unachokiona ni jina tu. Hutambulika kwa alama ya wingu pembeni mwa jina. Ukitenganisha kabla ya kuyapakua, yatatoweka katika mashine hiyo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Always keep on this device", kisha subiri hadi alama ya wingu igeuke kuwa alama ya tiki. Baada ya hapo nakili kila kitu kwenye flashi au diski ya nje. Kumbuka kwamba upakuaji huo hutumia bando. Kadiria ukubwa wa mafaili kabla ya kuanza.

Tatu, utafute ufunguo wa usimbaji. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski nzima ili mwizi asiweze kuyasoma yaliyomo. Usimbaji huo una ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya mtandaoni ya mtu aliyeiandaa mashine. Katika siku za kawaida kompyuta haiuombi. Lakini baada ya matengenezo ya kifaa cha ndani au sasisho fulani, inaweza kuuomba, na bila ufunguo huo mafaili yaliyomo hayatafunguka. Kuitenganisha akaunti hakuondoi usimbaji. Hii ndiyo hatari iliyojificha katika mfano wetu wa kikundi: mashine ni ya wanachama, lakini ufunguo wake uko katika akaunti ya mtu aliyehama.

Basi, kabla ya kutenganisha, mwenye akaunti aingie katika ukurasa wa akaunti yake kwenye tovuti ya Microsoft, auone ufunguo huo, na uandikwe kwenye karatasi itakayotunzwa mahali salama, mbali na kompyuta yenyewe. Ikiwa mwenye akaunti hapatikani, nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, uzime usimbaji wa kifaa, na usubiri ukamilike kabla ya kuendelea. Ujue kwamba diski isiyosimbwa husomeka ikiibwa. Wenye toleo la Pro wanaweza kuuwasha upya usimbaji baadaye na kuchapisha ufunguo wao wenyewe kwenye karatasi.

Nne, tengeneza msimamizi wa pili. Kila kompyuta ya Windows huhitaji walau mtumiaji mmoja mwenye mamlaka ya msimamizi. Tunashauri uongeze mtumiaji mpya wa ndani na kumpa mamlaka hayo kabla ya kumgusa yule wa zamani. Jambo likienda kombo, utakuwa na mlango mwingine wa kuingilia.

Hatua za kutenganisha

Kwa kuwa kompyuta nyingi zinazouzwa nchini huonesha menyu zake kwa Kiingereza, tumeyaandika maneno ya kwenye skrini kama yanavyoonekana, ndani ya alama za nukuu. Hatua hizi ni za Windows 11. Katika Windows 10 zinakaribiana sana.

1. Ingia kwenye kompyuta kwa akaunti unayotaka kuitenganisha. Fungua "Settings", kisha "Accounts", kisha "Your info".

2. Tafuta maneno "Sign in with a local account instead" na uyabofye. Mfumo utakuuliza kama una hakika, na utakukumbusha kuhifadhi kazi zako.

3. Thibitisha kwamba wewe ndiye mtumiaji kwa kuingiza PIN au nywila ya sasa.

4. Andika jina jipya la mtumiaji. Kwa kompyuta ya kikundi au ofisi, tumia jina la wadhifa, kama vile Katibu au Mhasibu, badala ya jina la mtu.

5. Weka nywila mpya. Akaunti ya ndani haina kampuni ya kukukumbusha ukisahau, hivyo chagua nywila utakayoweza kuikumbuka, na kama utaulizwa maswali ya usalama, yajibu kwa majibu ambayo jirani hayajui.

6. Bofya kitufe cha kutoka na kumaliza. Kompyuta itakurudisha kwenye ukurasa wa kuingilia. Ingia kwa jina jipya, uhakikishe kuwa mafaili na programu zako zipo.

Kutenganisha hakuondoi uhalali wa Windows iliyokwisha kuamilishwa katika mashine hiyo. Lakini programu za kulipia kwa mwezi au mwaka, kama vile Microsoft 365, hufuata akaunti na si mashine. Ikiwa zililipiwa kupitia akaunti inayoondoka, haki ya kuzitumia nayo itaondoka.

Wanaotumia Windows 10 wana jambo moja zaidi la kupima. Mfumo huo uliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa masasisho ya ziada kwa watu binafsi, uliotangazwa kuendelea hadi Oktoba 2026, hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kujiunga. Ikiwa kompyuta yako imo katika mpango huo, njia iliyo salama zaidi ni kuibadili akaunti ya mtu mwingine kwa akaunti yako mwenyewe, badala ya kubaki bila akaunti kabisa.

Mabaki yanayosahaulika

Hatua sita zilizotangulia hukata mzizi mkuu, lakini matawi hubaki. Akaunti ileile huweza kuwa imejisajili katika sehemu nyingine za kompyuta, na kila moja huondolewa peke yake.

Katika "Accounts", fungua "Email & accounts" na uangalie orodha ya akaunti zinazotumiwa na programu nyingine. Ondoa zisizohitajika. Fungua pia "Access work or school". Ukikuta humo akaunti ya chuo au mwajiri wa zamani, itenganishe kwa kubofya "Disconnect". Kama kompyuta bado ni mali ya mwajiri huyo, usifanye hivyo bila idhini yake.

Katika OneDrive, simamisha kwanza uhifadhi wa folda za nyaraka na picha, kisha chagua "Unlink this PC". Mafaili uliyoyapakua yatabaki ndani ya folda ya OneDrive. Yahamishe wewe mwenyewe kwenye folda ya kawaida ya nyaraka ili watumiaji wengine wasidhani yamepotea.

Katika kivinjari, iwe ni Edge au Chrome, kuna wasifu wa mtumiaji unaobeba historia ya kurasa, majina na nywila zilizohifadhiwa. Kuitenganisha Windows hakuugusi wasifu wa Chrome, kwa sababu huo ni wa akaunti ya Google. Mwalimu aliyefungua barua pepe yake steshenari ana hatari hasa katika sehemu hii. Ondoa wasifu wote, kisha kivinjari kifungwe na kufunguliwa tena ili kuhakikisha.

Mwishowe, mwenye akaunti aende upande wa pili. Akiwa kwenye simu yake au kompyuta nyingine, aingie katika ukurasa wa akaunti yake, aitoe mashine hiyo katika orodha ya vifaa vyake, abadili nywila, na awashe uthibitisho wa hatua mbili. Katibu wa awali katika mfano wetu anaweza kufanya haya yote akiwa mkoa mwingine, bila kusafiri hadi Tukuyu. Yampasa pia akikabidhi kikundi nakala ya kumbukumbu zilizobaki katika hifadhi yake, kisha azifute kwake. Makabidhiano ya funguo za ofisi na daftari la fedha huandikwa na kutiwa saini. Tunashauri makabidhiano ya akaunti yaandikwe vivyo hivyo.

Kompyuta iliyotumika ambayo taasisi haijaiachilia

Zipo kompyuta za mtumba zilizokuwa mali ya makampuni, shule au vyuo vya nje. Taasisi hizo husajili kila mashine katika orodha yao ya mtandaoni. Mnunuzi akiifuta na kuianza upya, kisha akaiunganisha na intaneti, skrini huonesha jina la taasisi asiyoijua na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Kufuta diski au kubadili diski hakusaidii, kwa sababu usajili hauko katika diski. Uko katika kumbukumbu za taasisi. Anayeweza kuufuta ni taasisi yenyewe.

Kompyuta za Apple zina kinga inayofanana na hiyo. Mashine zenye chipu ya usalama ya T2 na zile zenye chipu za Apple zenyewe huweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa awali. Yeye anaweza kuiachilia akiwa mbali, kupitia tovuti ya iCloud. Asipofanya hivyo, mnunuzi hubaki na mashine asiyoweza kuitumia.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi hufanyika kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji aiwashe kompyuta mbele yako ikiwa imeanzishwa upya kama mpya, aiunganishe na intaneti ya simu, na afike hadi kwenye ukurasa wa kutengeneza mtumiaji. Ikitokea jina la taasisi au la mtu, usilipe hadi litakapoondolewa. Dai risiti inayotaja aina ya mashine na namba yake ya utambulisho. Fundi atakayekuahidi kuikwepa kinga hiyo kwa malipo anakuuzia suluhisho la muda, kwani mashine huweza kudai akaunti tena mara itakapoanzishwa upya. Vilevile, mashine iliyofungwa kwa namna hii huenda iliibwa, nawe ukajikuta unajibu maswali usiyoyatarajia.

Ikiwa wewe ndiye muuzaji

Wajibu uko pande zote mbili. Kabla ya kuuza, kugawa au kumpa mtoto wa ndugu kompyuta yako ya zamani, nakili mafaili yako, toka katika programu zote, ondoa mashine katika orodha ya vifaa vyako, kisha tumia huduma ya "Reset this PC" kwa kuchagua kufuta kila kitu. Mashine ikiuliza kama isafishe na diski, kubali, hata kama kazi hiyo itachukua saa kadhaa. Mpe mnunuzi kompyuta iliyofika kwenye ukurasa wa mwanzo, ili jina la kwanza kuingia humo liwe la kwake.

Sheria inavyosema

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomhusu, ikiwamo haki ya kujua zinavyotumika na kuomba zirekebishwe au kufutwa kwa mujibu wa masharti yake. Majina na namba za simu za wanachama wa kikundi ni taarifa binafsi. Kuziacha zikipanda katika akaunti ya mtu asiyehusika tena ni jambo ambalo viongozi wa kikundi wanapaswa kulirekebisha, hata kama hakuna mwanachama aliyelalamika. Msimamizi wa sheria hii ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya taarifa hupelekwa huko.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Kwa hiyo, ukinunua kompyuta ukakuta barua pepe ya mtu imeachwa wazi, huna ruhusa ya kuisoma kwa kuwa tu mashine ni yako. Iondoe akaunti hiyo, na ikiwezekana mjulishe mwenyewe kupitia muuzaji.

Tahadhari pia na wanaojifanya wasaidizi. Kuna ulaghai unaofahamika duniani ambapo mtu hupiga simu akidai anatoka Microsoft, kwamba akaunti yako ina hitilafu, kisha anaomba umruhusu aiendeshe kompyuta yako kutoka mbali au umtumie namba za uthibitisho. Kata simu. Ujumbe mfupi wa kitapeli uliokuja kwenye simu yako unaweza kuuripoti kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kupitia namba 15040.

Muuzaji akikataa kuiachilia mashine aliyokuuzia, mwandikie kwanza yeye mwenyewe, ukiambatisha nakala ya risiti na picha ya skrini inayodai akaunti, na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, au jibu lisipokuridhisha, peleka malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, ambayo ina jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Iwapo unaona kosa la jinai limetendeka, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Tunza mashine ikiwa katika hali ileile hadi shauri limalizike, kwa sababu skrini inayoonesha jina la mtu mwingine ndiyo ushahidi wako wa kwanza.